Geji Ndiyo Iliyofanya Vipuri vya Bunduki Vibadilishane

Bunduki ya gumegume ya karne ya 18 ilikuwa kazi ya mikono, tangu kitako hadi mdomo wa mtutu. Fundi alibana kipande kwenye jiliwa, akakipiga tupa, akakijaribisha, akakipiga tena mpaka kikae. Bunduki mbili zingefanana kwa macho, lakini kamani ya hii haiingii kwenye ile. Ikikatika vitani na fundi hayupo karibu, askari alibaki na rungu.

Mwaka 1785 huko Vincennes, Ufaransa, fundi wa bunduki Honoré Blanc aliweka mbele ya wageni mitambo 50 ya kufyatulia bunduki, imefunguliwa vipandevipande. Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani, aliokota vipande bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa. Yote ikakaa sawa.

Huko Marekani sifa za kufanya vipuri vibadilishane hupewa mvumbuzi Eli Whitney, na kwa maoni yangu zimezidi. Mkataba wake wa 1798 ulitaka bunduki 10,000 kwa miaka miwili na ushei. Alimaliza kuzikabidhi 1809. Zilizokaguliwa baadaye zimeonyesha kuwa vipuri vyake havibadilishani.

Mfupa huo uligugunwa na fundi wa bunduki John Hall, katika kiwanda cha serikali cha Harpers Ferry, Virginia, kuanzia 1819. Mashine za kuchonga chuma alikuwa nazo, ila nguvu yake hasa ilikuwa geji: vifaa vya chuma vya kupimia umbo na ukubwa wa kipande, zaidi ya 60 kwa bunduki moja. Kipande kisichokubaliana na geji yake kilikataliwa. Tena, kila hatua ya kuchonga ilipimwa kuanzia sehemu ileile moja. Ukipima tundu la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili, kosa dogo kama unywele linazaana. Ukiyapima yote kutoka ukingo mmoja, kosa la tundu moja linaishia hapohapo.

Mwaka 1834 vipuri vya Hall vilibadilishana na vya Simeon North, aliyetengeneza bunduki hizohizo Middletown, Connecticut, mamia ya kilomita kutoka hapo. Gharama ilibebwa na serikali, mwaka baada ya mwaka. Mfanyabiashara wa kawaida angeshafunga karakana.

Waingereza walipotembelea kiwanda cha bunduki cha Springfield, Massachusetts, mwaka 1854, walichagua bunduki kumi, kila moja ya mwaka wake kati ya 1844 na 1853. Zikafunguliwa, vipande vikachanganywa, zikaunganishwa upya kwa bisibisi tu. Wakaagiza mashine za Kimarekani kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Huko Marekani, mafundi wa bunduki walihamia na geji zao kwenye viwanda vya cherehani, kisha vya baiskeli.