Mechi za Bakuli: Maneno ya Mashabiki Msimu Unapoharibika

Mwishoni mwa Oktoba 2023, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilikuwa imeshinda mara tano na kubakiwa na mechi nne. Ilihitaji ushindi mmoja tu. Ikafungwa na Michigan State 20-17. Ikafungwa na Maryland 13-10. Ikafungwa na Wisconsin 24-17 katika muda wa nyongeza. Ya mwisho ilikuwa nyumbani dhidi ya Iowa, na Iowa wakapiga mkwaju wa mwisho saa ikikaribia kuisha: 13-10 tena.

Ushindi ule mmoja ulikuwa wa kuwafikisha kwenye kile Wamarekani wanachokiita bowl, yaani bakuli. Jina lilitokana na umbo la viwanja. Chuo Kikuu cha Yale walifungua uwanja wao wa duara uliozama ardhini kama bakuli mwaka 1914, Pasadena huko California wakauiga mwaka 1922 na kuuita Rose Bowl, na baadaye kila mechi ya heshima ya mwisho wa mwaka ikabeba jina hilo, hata ile inayochezwa kwenye uwanja usio na umbo la bakuli wala sahani. Mechi yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Mwaka 1902, hapohapo Pasadena, Michigan waliwachapa Stanford 49-0.

Sasa kuna mechi za bakuli zaidi ya 40 kila Desemba na Januari, na kila Novemba mashabiki wa timu zinazosuasua hushika vikokotoo na kuanza kuzungumza. Mengi wanayoyasema si kweli.

"Bakuli ni tuzo ya msimu mzuri"

Lilikuwa tuzo enzi zile mechi zenyewe zilipokuwa chache. Leo timu hucheza mechi 12 za msimu, na ikishinda sita imefuzu. Kushinda nusu na kupoteza nusu kunatosha, na moja kati ya hizo sita inaweza kuwa dhidi ya timu ya daraja la chini yake. Msimu wa 2015 kulikuwa na bakuli 40 zenye nafasi 80, huku timu za daraja la juu zikiwa 128 nchi nzima. Hata hivyo timu zenye ushindi sita hazikutosha kuzijaza.

Ikafanywaje? Wakachukuliwa wenye ushindi tano na vichapo saba: Nebraska, Minnesota na San José State. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hudhani nafasi hizo hupewa timu yenye jina kubwa au yenye mashabiki wengi wa kujaza hoteli. La. Timu za 5-7 hupangwa kwa alama za maendeleo ya masomo, ile takwimu inayoonyesha kama wachezaji wanafaulu darasani na kubaki chuoni. Shabiki aliyelala na jezi usingizini anajikuta anaomba dua kwa ajili ya mtihani wa kemia wa beki wa akiba.

Wote watatu waliobebwa na masomo mwaka ule walishinda bakuli zao. Nebraska waliifunga UCLA 37-29 pale Santa Clara. Na mwaka 2023, Nebraska walipomaliza 5-7 baada ya ile Novemba yao, nafasi iliyobaki ilikwenda kwa Minnesota, nao wakiwa 5-7. Minnesota wakaenda, wakashinda.

"Chuo kinakwenda kuvuna fedha"

Waulizeni Connecticut. Mwaka 2010 walitwaa ubingwa wa ligi yao ya Big East na kupelekwa Fiesta Bowl kule Arizona, nchi nzima ikiwatenganisha na nyumbani. Mkataba ukawalazimu kununua tiketi 17,500. Mashabiki walionunua kupitia chuo walikuwa sehemu ndogo sana ya hizo, kwa sababu kwenye mtandao tiketi hizohizo zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Uwanjani walikula kichapo cha 48-20 kutoka kwa Oklahoma, na ofisini wakafunga hesabu kwa hasara ya zaidi ya dola milioni moja na nusu. Hiyo ilikuwa bakuli kubwa. Zile ndogo malipo yake ni madogo zaidi, na kwa kawaida fedha hupita kwenye mfuko wa ligi na kugawanywa kabla chuo hakijaona senti.

Wanaovuna ni televisheni. ESPN, kupitia kampuni yake tanzu, inamiliki na kuendesha zaidi ya mechi kumi za bakuli. Desemba ni baridi, watu wako ndani, na mechi ya timu mbili za 6-6 Jumanne mchana hupata watazamaji ambao vipindi vingi vitaionea wivu. Ndiyo maana majina ya bakuli yamekuwa kama rafu za duka: moja ya mayonizi, ambako kocha aliyeshinda humwagiwa mayonizi kichwani, nyingine ya viazi huko Boise, ambako humwagiwa chipsi. Mwaka 2023 kule Orlando, baada ya Kansas State kuifunga NC State 28-19, kinyago cha biskuti cha mdhamini kilishushwa ndani ya kibaniko kikubwa, na chini ikatokea biskuti ya kweli ya kuliwa. Wachezaji wakaila. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kujidai kwamba ile ni ibada.

"Wachezaji wanaosusa bakuli hawana uchungu na chuo"

Hili husemwa kwa hasira, na linastahili kujibiwa taratibu.

Tarehe 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame, aliyetarajiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, yaani zoezi ambalo timu za ligi kuu ya kulipwa huchagua wachezaji kwa zamu, aliumia vibaya goti katika Fiesta Bowl dhidi ya Ohio State. Neva ikaharibika. Akachaguliwa wa 34, na msimu wake wote wa kwanza hakucheza hata mechi moja. Tofauti ya fedha kati ya nafasi za juu na ile ya 34 ni mamilioni ya dola. Desemba ya mwaka huohuo, Christian McCaffrey wa Stanford na Leonard Fournette wa LSU walitangaza kwamba hawatacheza bakuli. Wakatukanwa sana. Miezi minne baadaye Fournette akachaguliwa wa nne na McCaffrey wa nane.

Na kama ni ukosefu wa uchungu, basi tuanze na makocha, ambao kila Desemba hukimbilia chuo kingine kabla bakuli halijachezwa, huku wakiagwa kwa makofi.

Kususa kumekuwa kwa timu nzima sasa. Florida State walimaliza 2023 bila kufungwa, 13-0, mabingwa wa ligi yao, lakini kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis alikuwa amevunjika mguu Novemba na kamati ya uteuzi ikawaacha nje ya mchujo wa timu nne zinazowania ubingwa wa taifa. Wakapelekwa Orange Bowl wakiwa na pengo la wachezaji zaidi ya 20, wengine wakienda NFL na wengine dirisha la uhamisho likiwa limewavuta. Georgia wakawapiga 63-3. Desemba 2024 Marshall walijitoa Independence Bowl kwa sababu uhamisho uliwaacha bila wachezaji wa kutosha, na Louisiana Tech wenye 5-7 wakaziba nafasi. Mwaka uliofuata Notre Dame, wakiwa 10-2 na wamekatwa kwenye mchujo ambao sasa una timu 12, walikataa bakuli lolote. Kikosi ambacho Georgia walikifunga 63-3 si kile kilichoshinda mechi 13, na atakayekuambia kwamba matokeo yale yalithibitisha lolote kuhusu kamati anajifurahisha.

"Kufungwa kwa pointi chache ni bahati mbaya, mwakani itageuka"

Hili ndilo linaloniuma, maana lina nusu ya ukweli.

Nebraska ya 2021 ilishinda mechi tatu na kupoteza tisa. Hakuna hata kimoja kati ya vichapo tisa kilichozidi pointi tisa: Ohio State 26-17, Michigan 32-29, Michigan State kwa pointi tatu katika nyongeza. Ukijumlisha msimu mzima, walifunga pointi 63 zaidi ya walizofungwa. Timu yenye 3-9! Kwa hesabu za kawaida, timu ya namna hiyo inapaswa kupanda mwaka unaofuata, na kuna zilizopanda. Auburn walikuwa 3-9 mwaka 2012, wakabadilisha kocha, mwaka 2013 wakafika fainali ya taifa. Indiana walikuwa 3-9 mwaka 2023, wakamleta kocha Curt Cignetti, mwaka 2024 wakamaliza 11-2.

Nebraska walimbakisha kocha Scott Frost, mwana wa nyumbani, kwotabeki wa ubingwa wa 1997. Msimu wa 2022 ukafunguliwa Dublin dhidi ya Northwestern. Wakiongoza 28-17, Frost akaamuru mkwaju mfupi wa kushtukiza ili waupate mpira tena. Hawakuupata, na mechi ikaisha 31-28 kwa wapinzani. Wiki mbili baadaye Georgia Southern waliingia Lincoln, nyumbani kwa Nebraska, na kushinda 45-42, na Frost akatimuliwa siku iliyofuata. Fidia yake ilikuwa takriban dola milioni 15. Wangesubiri hadi Oktoba mosi, ingepungua nusu. Hawakuweza kusubiri wiki tatu.

Bahati hugeuka pale kilichoifanya kuwa mbaya kinapoondoka. Pale Lincoln hakikuondoka.

"Basi bakuli dogo halina maana"

Hapa sasa wenye kejeli nao wanakosea. Timu yenye bakuli huruhusiwa kuendelea na mazoezi Desemba yote, takriban vipindi 15 zaidi. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza ambaye msimu mzima amekuwa mfano wa adui kwenye mazoezi ya wenzake, huo ndio muda kocha anapomtazama kwa mara ya kwanza. Nebraska walikosa bakuli misimu saba mfululizo, 2017 hadi 2023. Hesabu mazoezi waliyoyakosa huku majirani zao Iowa wakiyapata.

Na watu wakaendelea kuja. Uwanja wa Lincoln umeuza tiketi zote tangu Novemba 1962, mechi zaidi ya 400, katika jimbo lisilo na timu ya NFL. Ukitaka kuamini kwamba kila kiti kilijazwa na upendo mtupu, utakuwa umekosea kidogo: miaka ya karibuni wafadhili wamenunua tiketi zilizobaki na kuwagawia watoto. Lakini watoto wale walikaa, wakavaa nyekundu, wakaona timu ikifungwa.

Mwaka 2024 Wamenya Mahindi hao, maana ndilo jina lao, walianza 5-1, kisha wakapoteza nne mfululizo, kama vile wamesahau mwaka uliopita ulivyokwenda. Safari hii waliifunga Wisconsin 44-25 na kupata ya sita. Wakapelekwa Pinstripe Bowl, New York, kwenye uwanja wa besiboli wa Yankees, Desemba 28. Boston College walikaribia kuwapokonya, lakini ikaisha 20-15. Kabla ya hapo, mara ya mwisho Nebraska kushinda bakuli ilikuwa ile ya Santa Clara dhidi ya UCLA, mwaka waliofuzu kwa alama za darasani.