Handaki la Bodiam halikuchimbwa ili watu wazame

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa usanifu majengo picha ya ngome ya Bodiam, kusini mashariki mwa Uingereza, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na jibu lile lile: handaki linaloizunguka lilijazwa maji ili adui azame. Nimelisahihisha kwa mdomo miaka mingi, sasa naliandika.

Kina cha wastani cha handaki hilo ni kama mita 1.5, kwa hiyo mtu mzima akisimama humo kichwa hubaki nje. Maji yalimzuia adui asisogeze ngazi na minara ya mbao hadi ukutani, na zaidi ya yote asichimbe chini kwa chini kuuporomosha msingi, kwani shimo lake lingejaa maji. Lakini hata hayo hayatoshi kuieleza Bodiam. Sir Edward Dalyngrigge, aliyechuma mali katika vita vya Ufaransa, alipata kibali cha Mfalme Richard II mwaka 1385 kwa hoja ya kulilinda eneo la jirani, na hoja hiyo haikuwa ya uongo, maana Wafaransa walikwisha kuuchoma mji wa karibu wa Rye mwaka 1377. Langoni kuna matundu ya kufyatulia bunduki, yenye umbo la tundu la ufunguo. Hata hivyo, tazameni ukuta wa mashariki, ambako kanisa la ndani limefunguliwa dirisha kubwa linaloelekea nje: anayetarajia mizinga hajengi hivyo. Daraja la awali la mbao lilitokea ukingo wa magharibi, likakata kona kwenye kisiwa cha pembe nane mbele ya lango, hivyo kila aliyeingia alipita ukuta wa kaskazini ukiwa kuliani kwake, adui apate kulengwa, mgeni apate kustaajabu. Mwanafunzi anayeandika kimoja tu kati ya hayo mawili nampa nusu ya alama.

Wanaodhani maji yale yalikuwa safi wakumbuke kwamba vyoo vya ngome, karibu 30, vilimwaga humo humo.

Na ile hadithi kwamba walinzi wa ngome walimmwagia adui mafuta yanayochemka? Matundu ya kumwagia vitu yapo kweli kwenye dari ya lango, ila mafuta yalikuwa ghali na mawe yalikuwa bure.

Wala magofu ya ndani si kazi ya mizinga. Majengo yale yalivunjwa katika karne ya 17, baada ya ngome kuuzwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ndiyo maana kuta za nje zingali zimesimama karibu kimo chake chote.