Shahawa bila mbegu si mwisho wa uzazi

Wengi bado wanaamini kwamba mwanamume ambaye shahawa zake hazina mbegu hata moja hatapata kamwe mtoto wa damu yake. Imani hiyo imewaumiza watu bure. Mara nyingine korodani zinatengeneza mbegu vizuri tu, ila mirija ya kuzipitisha imeziba. Daktari huzivuta mbegu hizo kwa sindano. Uzalishaji wenyewe ukiwa hafifu, korodani hupasuliwa, na kwa hadubini daktari husaka ndani yake vimirija vilivyonenepa kuliko vingine, vyenye weupe mzito, kwani ndivyo huenda vikawa na mbegu. Si wote wanaobahatika. Lakini tangu 1992, mimba za kwanza za kudunga mbegu moja ndani ya yai ziliporipotiwa Ubelgiji, hata mbegu chache zinatosha.