Mbwa Mweusi Hahitaji Kuongezewa Mwanga

Mtu anatuma picha ya mbwa wake mweusi akiwa nje kwenye nyasi, anaomba maoni. Kabla sijayasoma nimeshajua nitakachokikuta: "Nzuri, ila ongeza mwanga kidogo." Wa pili anamuunga mkono wa kwanza. Wa tatu ameshaihariri kabisa na kuirudisha, vivuli, yaani sehemu za giza, amevipandisha mwanga hadi mwisho, mbwa amegeuka rangi ya majivu. Mwenye mbwa anashukuru. Mimi nimechoka, kwa sababu ushauri huo ni mbaya na wanaopewa ni watu wanaotaka kujifunza kwa dhati.

Mbwa mweusi ni mweusi. Picha ikimtoa mweusi haijakosea. Kinachotusumbua tukiitazama ni kitu kingine: umbo lake halionekani. Bega limeungana na kifua, sikio limezama shingoni, macho hayapo. Hapo wanaotoa maoni wanadhani mwanga umepungua, kumbe mwanga ulikuwepo tele ila ulikuja kutoka upande usiofaa.

Chukua kiatu cheusi kilichopigwa brashi. Mkunjo wake na kisigino chake unavijua kwa ule mng'ao unaopita juu yake. Ngozi yenyewe imebaki nyeusi vilevile. Koti la mbwa, yaani manyoya yake, linafanya hivyohivyo. Melanini, rangi ya asili ya manyoya, inameza sehemu kubwa ya mwanga unaoangukia manyoya, na kinachoifikia kamera ni mng'ao wa juu ya unywele. Mng'ao huo una pembe: mwanga ukiingia kwa pembe fulani, unatoka kwa pembe hiyohiyo upande wa pili. Kamera isipokuwa upande huo, ongeza eksposha (kiasi cha mwanga ambao kamera inaupokea) utakavyo, umbo halitokei. Na ukipandisha vivuli baadaye kwenye kompyuta, weusi wote unapanda kwa pamoja. Mng'ao ambao haukuwepo wakati wa kupiga hauzaliwi kwenye programu. Ulikuwa na weusi bapa, sasa una kijivu bapa chenye noizi, yaani chembechembe.

Najua imani hii ilikotoka. Ilitoka kwenye mita, kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera. Mita ya kamera hudhani kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye fremu utapata kijivu cha kati, kile ambacho vitabu hukiita kijivu cha asilimia 18. Mbwa mweusi akijaza fremu, mita inadhani kuna giza, inaongeza eksposha, na mbwa anatoka kijivu. Hapo unatakiwa kupunguza. Mbwa huyohuyo akiwa mdogo ndani ya fremu, nyuma yake kukiwa na mchanga mweupe au mawingu, mita inaukimbia ule weupe, inapunguza, na mbwa anatoka giza tupu. Hapo kweli ongeza. Kwa hiyo "ongeza mwanga" ni sahihi kwa picha ya pili na ni uharibifu kwa ya kwanza, na anayeutoa ushauri hata haulizi anaitazama ipi kati ya hizo mbili!

Vitabu vingi hukuambia kwa mbwa mweusi upunguze stopu moja hadi mbili (kila stopu hukata mwanga nusu). Siiamini namba hiyo kama kanuni. Inategemea amechukua sehemu gani ya fremu, koti lake linang'aa kiasi gani, na kuna nini nyuma yake. Mimi hutazama histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia: mng'ao wa mgongoni usipasuke (usigeuke weupe mtupu) upande wa kulia, na upande wa kushoto kusiwe na rundo limebanwa ukutani. Ukipiga faili ghafi, ambalo kamera haijalichakata, una nafasi ya kurekebisha. Ukipiga JPEG, ambayo kamera imeshaichakata na kuibana, nafasi hiyo ni ndogo sana. Kwa simu, gusa uso wa mbwa kwenye skrini kisha ushushe eksposha kidogo kwa kidole, maana programu ya simu hupenda kuinua vivuli bila kuulizwa na kusafisha noizi hadi manyoya yanapotea.

Sasa mwanga wenyewe, ambao ndio wa kuzungumzia. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni ukingo wa kivuli. Mti mkubwa, baraza, ukuta mrefu, chochote kinachotoa kivuli. Mbwa akae hatua moja ndani ya kivuli, uso wake uelekee nje kwenye anga wazi, na nyuma yake kuwe na kivuli kingine kirefu, sio uwanja unaowaka jua. Anga lote linakuwa taa mbele yake. Pua inang'aa, juu ya paji kunatokea mstari mwororo, mfupa wa shavu unajitenga na taya, na kwenye kila jicho inaingia nukta nyeupe. Nukta hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza katika picha yoyote ya mbwa. Mbwa mweusi mwenye macho ya kahawia iliyokolea, bila nukta hiyo, hana macho.

Na nukta hupotea kirahisi. Mbwa akiinamisha kichwa kidogo tu, paji linakinga anga na macho yanazimika. Ndiyo maana mtu mwenye kipande cha chakula asimame nyuma ya mpiga picha, mkono wake ukiwa juu kidogo ya lenzi. Kidevu kinapanda, macho yanapokea anga. Wengi humweka msaidizi pembeni, kisha wanashangaa kwa nini kila picha mbwa anatazama kando.

Jua la utosini liache. Mgongo unapasuka, tumbo linakuwa giza, na mbwa mwenyewe amekunja macho na kutweta. Siku ya mawingu ni nzuri ukimgeuzia uso kwenye sehemu ya anga iliyo angavu zaidi. Jua la pembeni la jioni huchora mbavu na bega vizuri. Jua likiwa nyuma yake unapata mstari wa mwanga kuzunguka mwili, lakini uso utahitaji kitu cha kuurudishia mwanga: mchanga, saruji, shuka jeupe. Nyasi nazo hurudisha, ila zinarudisha kijani chini ya kidevu.

Rangi ndiyo inayonipa shida. Koti jeusi kivulini hutoka na mng'ao wa bluu kwa sababu linaakisi anga. Wenzangu wengi huiondoa bluu yote, na nawaelewa, hasa kwa mbwa ambaye jua limeshamchakaza koti likaelekea ukahawia. Lakini bluu ile ni anga halisi lililokuwa juu ya mbwa halisi. Nikiifuta yote kwa mizani ya nyeupe (mpangilio unaosawazisha rangi), nyasi zinaelekea manjano na picha nzima inaonekana ya uongo. Huwa nabakiza kiasi, na kila mara nabaki nikijiuliza kama nimebakiza zaidi ya inavyofaa.

Neno la haraka kuhusu fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali: kwa karibu, f/1.8 (tundu la lenzi lililo wazi sana) itakupa pua au macho, si vyote, kwa hiyo nenda f/4 au namba kubwa zaidi. Akikimbia, weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, sekunde 1/1000 au kasi zaidi. Kwenye uso mweusi kamera hupenda kudaka mkanda wa shingo kwa sababu ndio wenye kontrasti (tofauti ya giza na mwanga), kwa hiyo weka pointi moja ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe.

Basi unapoomba maoni, tuma picha ambayo hujaigusa pamoja na uliyoihariri, na useme mwanga ulitoka wapi. Anayetoa maoni naye aitazame kwenye skrini ambayo mwangaza wake haujasukumwa hadi mwisho, maana skrini moja huonyesha manyoya mahali ambapo nyingine inaonyesha doa. Aseme kama anaiona nukta machoni, mng'ao uko wapi na umekosekana wapi, na angemgeuzia mbwa upande gani. Na picha ya mtu usiirudishe umeihariri kama hakukuomba.