Wa tatu kati ya marafiki wawili

Novisiati, nyumba ya malezi ya wanaojiandaa kuwa masista, tulilelewa kwa sheria iliyokuja na masista wa Ulaya: mmoja mara chache, wawili kamwe, watatu daima. Ukionekana mara mbili mfululizo na mwenzako yuleyule chini ya mparachichi, jioni unaitwa. Urafiki wa wawili ulihesabiwa kuwa wizi: mnaiibia jumuiya, mnamwibia Mungu.

Leo mimi ndiye mlezi wa wanovisi hapa Goma, na hakuna mwaka unaopita bila mmoja kubaki nyuma baada ya somo na kuninong'oneza: Mama, ni dhambi kumpenda mwenzangu mmoja kuliko wengine?

Namjibu kwa Aelred, abati, yaani mkuu wa monasteri, wa Rievaulx, Uingereza, aliyefariki mwaka 1167. Kitabu chake juu ya urafiki wa kiroho ni mazungumzo na wamonaki wake, na kinaanza akimwambia Ivo: tuko hapa, mimi na wewe, na natumaini Kristo ni wa tatu kati yetu. Hesabu ni ileile, watatu! Ila wa tatu wetu alikuwa sikio la mkubwa. Wa tatu wa Aelred ndiye anayewazuia wawili wasidanganyane.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mlegevu. Kwake rafiki huchaguliwa, kisha hujaribiwa muda mrefu kabla ya kupokelewa moyoni: uaminifu wake, nia, busara, uvumilivu. Na kama Yoshua bin Sira katika Biblia, anataja kutoa siri miongoni mwa mambo yanayoua urafiki. Hilo nalirudia sana, maana katika nyumba ya masista siri hufika jikoni kabla ya chai.

Lakini kuna jambo sikulielewa kitabuni. Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji wetu, ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama. Tulishika njia ya mji wa Sake kwa miguu, umati umejaa barabara nzima. Nilikuwa nakokota begi la vitabu. Rafiki yangu, bido (dumu) la maji kichwani, akasimama ghafla.

"Sista, ule mama mwenye watoto wawili na godoro, umemupita mara mbili. Ulimuona?"

Sikumwona. Vitabu vya maisha ya kiroho vikabaki kando ya njia, godoro likapanda kichwani mwangu. Nilinuna hadi Sake. Usiku, kwenye darasa tulimolala, tukasali sala ya kufunga siku tukiwa tumepeana migongo. Nilipofika kwenye kuchunguza dhamiri, sikuwa na la kutafuta. Alikwisha kunichunguzia.

Kwa hiyo novisi wangu namrudishia swali: huyo mwenzako amewahi kukuambia ukweli ukakosa usingizi? Akisema bado, namwambia asiogope dhambi, ila asiuite urafiki bado. Hapo mko wawili tu.