Maldini hakupendwa na kila shabiki wa Milan

Ukiwasikiliza watu wa soka wakimzungumzia Paolo Maldini, beki na nahodha wa zamani wa klabu ya Milan ya Italia, utadhani San Siro nzima, uwanja wa klabu hiyo, ilimpenda kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Si kweli. Ushahidi ni mechi yake ya kuaga nyumbani, Mei 24, 2009, Milan ilipofungwa 3-2 na Roma.

Baada ya kipenga cha mwisho alizunguka uwanja kuwapungia watu mkono, na sehemu kubwa ya uwanja ilisimama kumpigia makofi. Alipofika Curva Sud, jukwaa la mashabiki sugu, baadhi yao walimzomea kwa miluzi. Waliinua bango la kumlaumu kwamba hakuwaheshimu waliomtajirisha, wakatandaza na jezi kubwa mno, namba 6 ya Franco Baresi, nahodha aliyemtangulia Maldini, kuonyesha kwamba kwao nahodha ni mmoja tu. Huyu ni beki aliyeichezea Milan mechi 902 na kutwaa nayo Kombe la Ulaya mara 5!

Maldini hakuwahi kujipendekeza kwa kundi hilo. Mwaka 2005, Milan ilipopoteza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Istanbul kwa Liverpool baada ya kuongoza 3-0, baadhi yao waliwataka wachezaji waombe radhi, naye akawajibu kwa ukali. Kinyongo kikabaki. Kwangu mimi, msimamo huo unamwongezea heshima.

Mei 31, 2009, akacheza mechi yake ya mwisho kabisa, ugenini mjini Florence. Mashabiki wa Fiorentina, wapinzani wake, walimshangilia.