Samaki Tele Mnadani Si Ushahidi Kwamba Bahari ya Tanga Ni Nzima

"Bahari haina tatizo, si unaona samaki walivyojaa?" Maneno haya yanasemwa kwenye madiko ya samaki ya pwani ya Tanga: yanasemwa Deep Sea, yanasemwa Sahare, yanasemwa Kigombe. Wanaoyasema ni wavuvi, wachuuzi, na hata watu ambao kazi yao ni kujua zaidi. Katika dhana zote potofu kuhusu samaki na hali ya maji ya pwani, hii ndiyo yenye madhara makubwa, kwa sababu inawaridhisha watu wakati hasara imeshaanza.

Kilo zinazofika mnadani hupima juhudi ya mvuvi kabla ya kuipima bahari. Fanya hesabu. Chombo chenye wavuvi 4 kikivua saa 5 na kuleta kilo 40, kila mvuvi amepata kilo 2 kwa saa. Chombo hichohicho kikifunga mashine, kikapakia wavuvi 6, kikaenda mbali na kuvua saa 10, kisha kikaleta kilo 40 zilezile, kila mvuvi amepata kama gramu 670 tu kwa saa. Mnunuzi haoni tofauti yoyote, na daftari la mnada halioni pia. Andika wavuvi walikuwa wangapi, walivua kwa muda wa saa ngapi, kwa zana gani na kwenye mwamba upi. Kilo zisizo na mambo hayo manne hazisemi lolote kuhusu bahari.

Halafu tazama ni samaki gani. Mwamba unaovuliwa kupita kiasi hautoi tenga tupu siku moja. Kinachobadilika ni kilichomo ndani ya tenga. Chewa wakubwa hupotea mapema, maana hukua polepole na hukaa pango lao. Changu nao huanza kuletwa wakiwa wadogo, na uzito unajazwa na samaki wanaokua na kuzaana upesi.

Kikande anastahili kutazamwa kuliko anavyotazamwa sasa. Ndiye mlaji mkubwa wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye matundu ya mwamba. Kikande akivuliwa mpaka akaadimika, wenye miiba huongezeka, hukwangua matumbawe, na mwamba hulika. Mtu akiniuliza amfuatilie samaki mmoja tu, nitamtajia kikande, japo bei yake ni ndogo na mnadani hurushwa pembeni.

Kwa pono, tazama rangi. Aina nyingi za pono huanza maisha wakiwa majike wa kahawia au kijivu, na baadhi yao hugeuka madume wa kijani na buluu wanapokua. Matenga yakija wiki nzima bila pono wa kijani, basi wanavuliwa kabla hawajafika umri wa kugeuka.

Urefu nao upimwe sawasawa. Tumia ubao wenye rula na kizuizi upande mmoja: mdomo wa samaki ufungwe na uguse kizuizi, usome kwenye panda ya mkia. Usipitishe utepe juu ya mgongo, kwa kuwa mviringo wa mwili unaongeza sentimita ambazo hazipo. Pima kabla ya mnada, kabla wachuuzi hawajatenga wakubwa, na usichague. Samaki 50 wa aina moja kutoka chombo kimoja wanakupa picha nzuri zaidi kuliko 200 waliochanganywa kutoka huku na kule. Kisha pasua matumbo ya baadhi yao. Kama msimu wa kutaga umefika na karibu wote hawana mayai yanayoonekana kwa macho, wavu unakamata watoto.

"Maji yakiwa machafu, tutaona samaki wakielea." Kufikia hapo umechelewa sana. Samaki anayeweza kukimbia hukimbia kwanza. Maji machafu ya korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, kwa mfano, huliwa na bakteria ambao humaliza oksijeni. Dalili ya mapema ni samaki wadogo kuhema juu ya maji alfajiri. Wala kuelea si kipimo cha uvuvi wa baruti: mlipuko hupasua kibofu cha hewa, na wengi huzama. Mpasue samaki unayemshuku, utakuta damu imevilia kandokando ya uti wa mgongo, na mara nyingi uti wenyewe umevunjika.

"Mashavu mekundu na macho angavu, basi samaki ni safi." Hiyo inakuambia amekufa lini, basi. Zebaki hujikusanya kwenye nyama ya samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro, na haitoki kwa ndimu wala kwa kukaangwa.

"Mpime samaki yeyote, wote wanatoka bahari moja." Hapana! Jodari ni msafiri. Alichonacho mwilini huenda alikipata mbali sana na ghuba ya Tanga. Ukitaka habari za mwamba fulani, chukua mkaazi wake. Samaki aina ya kipepeo wanaokula matumbawe wanafaa sana, kwa kuwa matumbawe yakifa, chakula chao kimekwisha. Wahesabu kwa kamba ya mita 50, mita 2.5 kila upande. Ukishaitandaza, subiri dakika kadhaa watulie ndipo uogelee polepole.

"Samaki wametoweka mlangoni mwa mto, lazima ni sumu ya kiwanda." Huenda ni kweli, lakini wakati wa masika mto Zigi humwaga maji yasiyo na chumvi, yenye tope, chumvi hushuka, na samaki wa bahari husogea nje wenyewe. Linganisha msimu wa upepo wa kusi na kusi, wa kaskazi na kaskazi, na bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na bamvua. Aliyehesabu Februari wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) na kurudia Mei wakati wa bamvua amepima majira, na takwimu zake hazifai kumshtaki wala kumsafisha mtu yeyote.